Boti mpya, matundu mawili na bahasha ya kaki

Wakuu, assalamu aleikum. Na nyie vijana mnaojiita wakuu na ndevu hazijawaota, nanyi pia salamu, itikieni.

Mimi ni bibi wa watu, mzaliwa wa Likoni, kule ndani ukishapita Mtongwe. Shule niliishia darasa la tatu, mengine nikayapata madrasa. Kwa hivyo mkiona herufi imekosewa someni maana, msinisahihishe. Nachapa kwa kidole kimoja na kidole chenyewe kina baridi yabisi.

Juzi humu kuna mtu ameuliza: ananunua boti mpya, mara yake ya kwanza, aangalie nini siku ya kuipokea. Nikasoma majibu yenu yote. Mmoja kasema aangalie injini. Mwingine kasema rangi. Mwingine, Mungu amsamehe, kasema aangalie jina limeandikwa vizuri ubavuni.

Hakuna hata mmoja aliyesema la maana. Nikaona bora nilete uzi wangu. Ni kweli tupu, na kipande cha mwisho kwetu hakuna anayekijua.

Turudi miaka ya tisini, mwanzo mwanzo.

Mimi nilikuwa mpishi wa harusi. Nikisema mpishi, simaanishi wa sufuria mbili. Pilau ya watu mia tano naipika nimekaa. Kazi nyingi zilikuwa ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari, kule Port Reitz na Magongo, na huko ndiko alikokuwa ameolewa mama yangu mdogo, Bi Mishi.

Mama yangu mzazi nilikuwa nikiishi naye. Alianguka msalani akavunjika nyonga, ikaunga vibaya. Tangu hapo mtumbwi hawezi kuingia, maana mtumbwi wataka mtu akunje goti. Na kwa barabara ni kuzunguka mpaka feri ya Likoni, uvuke uingie kisiwani, utoke tena kisiwani uende Changamwe, ndiyo ufike Port Reitz. Nusu siku, na kila tuta la barabarani analia.

Na ng'ambo yenyewe twaiona! Asubuhi kukiwa kweupe mama akikaa kibarazani aona moshi wa jiko la Bi Mishi. Miaka minne hajamtia dada yake machoni.

"Mwanangu," akaniambia siku moja, "mie nitazikwa na Mishi yuko hapo, ninamwona moshi tu."

Hilo neno lilinikaa.

Basi nikasikia kuna karakana Changamwe inatengeneza boti za aina mpya, pontuni. Kwa msioijua: ni mirija miwili minene ya alumini, mirefu, imelazwa sambamba. Juu yake sakafu bapa ya mbao, vyuma vya kushikilia pembeni, na turubai la kivuli. Haiyumbi. Unaweka kiti chako, unaweka sufuria zako, unakaa kama uko sebuleni. Hoteli za watalii ndizo zilizokuwa nazo.

Nikasema hiyo ndiyo yangu. Mama kitini, sufuria nyuma.

Nililipaje? Nilicheza upatu, nikauza bangili zangu, yamekwisha. Hayo si ya uzi huu.

Sasa mume wangu, Baba Rukia, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashua. Baba yake fundi, babu yake fundi. Nilipomwonyesha picha ya pontuni akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Mama Rukia, hii ni meza."

"Ni boti."

"Ni meza iliyopinduliwa ikapinduliwa tena. Mimi sitii mguu wangu humo."

"Sikukualika."

Tukalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, wiki nzima. Kwa hivyo muelewe, siku boti inakuja sikuwa nangoja boti tu. Nilikuwa nangoja kumziba mdomo mume wangu mbele ya kijiji.

Karakana ilikuwa na kijana wa kuuza, mtu wa bara, anakaa Magongo. Mrefu, mwembamba, kila siku amevaa tai. Sisi tukamwita Bwana Tai. Nikamwambia, "Mwanangu, boti mnaitengenezea Changamwe, mimi niko hapo ng'ambo. Itieni majini muivushe, ni mwendo wa kikombe cha kahawa."

Akanionyesha karatasi. "Hapana mama, hapa imeandikwa delivari kwa lori mpaka kwa mteja."

"Lakini ni boti."

"Ndiyo mama. Kwa lori."

Wakuu, chombo kipya cha majini, mara yake ya kwanza kuvuka maji, kilivuka kimepandishwa kwenye feri, juu ya lori, katikati ya gari za magunia ya vitunguu! Watu walikuwa wakikishangaa. Mpaka leo nikikumbuka natamani kupiga mtu.

Basi nikamwambia saa. Ilikuwa siku ya bamvua, na maji ya bamvua yakijaa yamejaa na yakipwa yamepwa, asubuhi pwani yote inabaki tope. Nikamwambia uje alfajiri baada tu ya swala, maji bado yako karibu, tuishushe ielee. Akaandika kwenye kitabu chake. Nilimwona akiandika.

Nikaalika watu. Kwetu chombo kipya hakigusi maji bila dua. Nikamwalika maalim wa madrasa, wazee, majirani, akina mama wote niliokuwa nikipika nao. Mahamri na mbaazi tangu usiku, halua sinia mbili, dele la kahawa. Saa moja watu wamejaa pwani na mama yangu yuko mbele yao kitini, amevaa leso mpya, na kifurushi cha visheti vya Bi Mishi mapajani.

Saa moja. Saa mbili. Saa tatu.

Maji yanaondoka. Unayaona yanakwenda zake kama mtu aliyechoka kukungoja.

Baba Rukia kakaa kwenye gogo anatafuna mbaazi. Hasemi kitu. Afadhali angesema!

Saa nne na nusu lori likaingia. Bwana Tai akateremka na tai yake, akaangalia tope, akaniuliza, wallahi aliniuliza hivi:

"Mama, bahari iko wapi?"

Nikamwambia imekungoja imechoka.

Boti ikashushwa kwa mikono. Watu thelathini wanavuta kamba, magogo ya minazi chini, "haya twende, haya twende," mpaka ikafika chini ufuoni karibu na tope laini. Ikakaa hapo ng'aring'ari kwa jua. Nzuri, sitasema uongo. Nilitokwa na machozi.

Sasa hapa ndipo kosa lilipoingia, nanyi mnaonunua mfungue macho.

Maalim alikuwa na maiti ya kuzika adhuhuri. Akasema dua isomwe sasa hivi. Watu wana njaa, ubani unawaka, mahamri yanapoa. Na chombo kikishaanza kusomewa, utaanzaje kukizunguka kukitafutia ila mbele ya wageni? Ni kama bwana harusi afunue kinywa cha bi harusi amhesabu meno. Haifanywi. Nami zaidi sikutaka Baba Rukia anione nakagua, aseme nina shaka na meza yangu.

Katikati ya dua, watu mikono juu, Bwana Tai ananinong'oneza: "Mama, weka sahihi hapa, dereva ana haraka." Nikaweka sahihi. Mkono mmoja dua, mkono mmoja kalamu.

Akanipa na bahasha ya kaki, nene, imepigwa pini juu. "Hii nayo ni ya boti. Iweke mahali salama."

Nyie hamjui bahasha ya kaki kwetu. Baba yangu karatasi za shamba aliziweka darini zikaliwa na mchwa, na shamba likaliwa baada ya karatasi. Mimi niliapa karatasi yangu haitaguswa na mdudu wala mtu. Nikatoka mbio mpaka nyumbani, nikaitia kwenye sanduku la mvule chini kabisa, chini ya nguo za eda za bibi yangu, nikafunga, ufunguo nikaufunga kwenye upindo wa leso.

Sikuifungua. Nifungue ya nini? Ya Kizungu yote.

(Kuna mmoja hapo chini ameshaandika "picha tafadhali bibi". Mwanangu, mwaka ule kamera ilikuwa kwa mpiga picha Likoni, naye hakualikwa. Ngoja nimalize.)

Dua ikaisha, watu wakala. Mama yangu akasema, "Nipandisheni."

"Mama, maji bado."

"Nimengoja miaka minne. Nitayangojea ndani."

Akapandishwa na kiti chake. Akawekwa katikati ya pontuni, juu ya tope, turubai linampa kivuli, kikombe cha kahawa mkononi, kama sultani. Watoto wanamzunguka, anawafukuza na kipepeo cha ukili.

Saa nane maji yakaanza kurudi. Polepole yakafika kwenye mirija. Watu wakasogea. Mbele ikanyanyuka kidogo, vigelegele! Nyuma ikakaa palepale.

"Ni tope limeshika," akasema Bwana Tai. Alikuwa amebaki na dereva wake, wameona halua.

Maji yakapanda tena. Mbele juu, nyuma chini.

Mama akaita kutoka juu. "Nani weye, njoo hapa. Kahawa yangu yakimbilia nyuma."

"Abee mama, ni tope."

"Tope haliko kikombeni. Chombo hichi chanywa maji."

Baba Rukia akainuka kwenye gogo lake. Mara ya kwanza tangu asubuhi. Akakunja suruali, akaingia majini, akaweka sikio kwenye mrija mmoja, akagonga kwa ngumi. Akahamia wa pili, akagonga. Halafu akainama akapeleka mkono kule nyuma chini, akapapasa.

"Pana tundu," akasema.

Wazee wakainama waone.

Akahamia upande wa pili. "Na hapa pana tundu. Na halikutoboka. Limefanywa, lina hesi kama za skrubu na kila kitu."

Wakuu, sitaki kuwaandikia yote niliyomwambia Bwana Tai. Wengine humu mna wudhu. Nilimwambia ameniletea chujio. Nilimwambia hata mwizi wa kuku ana haya, anakuibia usiku, hakuletei kwa lori mchana mbele ya maalim. Nilimwambia mama yangu angezama na yeye angekuwa anakula halua yangu.

Yeye akawa anafungua mdomo. "Mama, ile bahasha..."

"Usiniambie habari za makaratasi!"

"Hapana mama, mafundi walisema vizibo..."

"Umeviuza vizibo! Mwizi wa vizibo wewe!"

Kwisha. Kijiji kizima kikadakia. "Mwizi wa vizibo! Mwizi wa vizibo!" Watoto wakaimba. Kijana wa watu aliondoka pale amepoteza kiatu kimoja kwenye tope, tai iko mgongoni, anakimbilia lori. Mara mbili alijaribu kusema, na mara zote mbili nilimfunga mdomo.

Nikakaa chini mchangani. Siku yangu imekwisha. Mume wangu ana haki ya kunicheka mpaka nife.

Hakucheka. Akaniuliza, "Mwiko wako mkubwa uko wapi?"

Ule mwiko, nyie, ulikuwa wa msaji, umenilisha miaka kumi na mbili. Akauchukua akaukata mpini, vipande viwili, nami naangalia. Akavichonga kwa shoka ndogo mpaka vikawa kama karoti. Akavizungushia pamba iliyolowa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua, inayonuka mpaka moyoni. Ndivyo babu zake walivyokalafati, kuziba nyufa za mashua.

"Sasa tuinue mbele, maji yatoke kwa nyuma," akasema. "Mkwe, shuka kidogo."

Mama akamtazama. "Mie sishuki."

"Mkwe, tutainua chombo."

"Inueni. Mnafikiri nikishuka nitapanda tena leo? Nawajua."

Tukainua na yeye. Watu ishirini mbele, akina mama wawili wamemkumbatia na kiti chake asibingirike, yeye kakumbatia visheti. Maji yakamwagika kwa nyuma kama ng'ombe anayekojoa. Baba Rukia akapiga vizibo vyake, tak tak tak, akapaka sifa juu.

Tukaiachia.

Ikaelea. Sawasawa, bapa, kama alivyosema yeye mwenyewe. Kama meza.

Na nani aliyeshika usukani? Yule aliyesema hatii mguu. Alipanda bila kuniangalia, akasema injini yataka mtu mzima. Mimi nikakaa miguuni mwa mama. Saa kumi na kidogo maji yamejaa pomoni, tukavuka.

Bi Mishi alikuwa ametanguliziwa salamu, yuko ufuoni tangu asubuhi, amekaa juu ya ndoo. Alipotuona aliinuka akaanza kuingia majini na buibui lake, wanawe wanamshika.

"Umechelewa!" akapiga kelele.

"Lori!" mama akajibu.

Wakashikana. Visheti vilikuwa vimevunjika vyote, wakavila hivyo hivyo kwa vijiko.

Mngependa uzi uishie hapo, eh? Na mimi ningependa.

Mama alibaki huko wiki mbili. Siku ya tatu mimi nikafungua sanduku nirudishe leso ya sherehe. Bahasha ikanigusa mkono. Nikasikia kitu kigumu ndani. Karatasi haiwi na uvimbe.

Nikatoa pini.

Vizibo viwili. Vya mpira mweusi, vina shaba katikati, vipya, vimefungwa kwa uzi. Na karatasi yenye picha, hata haihitaji kusoma, picha inaonyesha mkono unatia kizibo kwenye tundu.

Nilikaa juu ya kitanda, jua likanihama dirishani nikiwa palepale.

Na nikafanya nini? Nikavirudisha. Nikafunga sanduku. Baba Rukia yuko uani anawasimulia watu, "yule mwizi wa vizibo, lakini mimi kwa mpini wa mwiko..." Nimkatize? Siku ya kwanza katika ndoa yetu ananisifia boti yangu?

Wiki iliyofuata Bwana Tai akaja. Kwa miguu, hana tai. Bosi wake amemwambia alete vizibo vingine na aombe radhi. Mauzo ameondolewa, sasa anafagia stoo. Akanikabidhi vizibo kwa mikono miwili. "Pole mama. Labda mafundi walisahau."

Nikavipokea. Nikampikia biriani. Biriani nzuri kuliko ya harusi yoyote, na nilimpakulia mara tatu, na ukweli sikumpakulia.

Mama aliporudi aliniangalia mara moja tu. Yule alikuwa mtu wa kunisoma tangu tumboni. Nikamwambia yote.

Hakunigombeza. Akasema tu, "Haya. Mie meza yako sipandi tena mpaka ukaseme."

"Mama, Bi Mishi je?"

"Nitamwona moshi."

Mama yangu hana mzaha. Siku tatu nikamvumilia, anakaa kibarazani anaangalia moshi, ananipa mgongo. Ya nne nikashindwa. Nikamwambia twende nikaseme, akakubali nimpakie, tukavuka, Baba Rukia akabaki na boti, sisi tukachukua teksi mpaka karakana Changamwe. Nikasimama mbele ya bosi, mafundi wawili na Bwana Tai mwenye ufagio. Nikaweka vizibo vinne mezani. Nikasema: hivi viwili vilikuwa sandukuni mwangu. Kijana huyu hakuiba. Aliniambia na sikumsikiliza.

Bosi akacheka sana, akasema kesho arudi mauzo. Mafundi wakacheka.

Bwana Tai hakucheka. Akasema pole pole, kwa adabu:

"Asante mama. Lakini kule kwenu uliniita mwizi mbele ya watu mia. Hapa tuko wanne."

Nikamwambia, "Nitawaambia, mwanangu. Naapa."

Mama akapanda meza tena. Akavuka kila mwezi, miaka sita, mpaka akafa ng'ambo mikononi mwa dada yake, kama alivyotaka. Na hakukubali vizibo vya mpira vitiwe. Alisema vya mwiko ndivyo vilivyomvusha.

Na mimi sikuwaambia.

Kila nikitaka kusema, kuna harusi, kuna matanga, kuna mtu anamsifu Baba Rukia kwa vizibo vyake. Alikufa akikisimulia kile kisa, na kila akikisimulia mwizi yumo. Kwetu mtu akipoteza kitu kidogo mpaka leo wanasema "amepita Bwana Tai". Wanasema hata wasiojua ilitoka wapi.

Ndiyo maana nimeuleta uzi huu humu. Wajukuu wa wale mia mko humu, nawajua, na majina yenu ya kujificha nayajua. Waambieni wazazi wenu: kijana yule hakuiba kizibo hata kimoja. Vilikuwa kwangu, chini ya nguo za eda, ufunguo kiunoni mwangu.

Na wewe uliyeuliza habari ya boti: mtu akikuletea chombo, kila bahasha na kila mfuko aliokuja nao umwage kwenye jamvi mbele yake, akuambie hiki kinaingia wapi, kabla ya dua, kabla ya kahawa, kabla ya sahihi. Wageni wangoje, halua haiozi kwa robo saa. Na mwenye mdomo wazi muache amalize.

Bwana Tai, kama uko hai na unasoma haya, sasa wamezidi mia. Vizibo vya mwiko ninavyo, kimoja kinazuia mlango wangu usipigwe na upepo. Njoo ule biriani, safari hii na uvae tai yako.

Haya, wengine semeni. Nani humu amewahi kumtukana mtu, kisha kitu akakikuta mwenyewe sandukuni? Msinidanganye kwamba ni mimi peke yangu.